Mnyama Aliyekunywa Petroli

Umeme ukikatika hapa Bariadi, mtaa mzima unaanza kuvuta kamba za majenereta. Linaanza la muuza barafu, linafuata la duka la dawa, la kwangu linakuja mwisho kwa sababu ni la zamani na lina kiburi. Nina saluni ndogo, na bila umeme madraya yangu ni mapambo tu. Kwa hiyo navuta. Linakohoa, linakataa, navuta tena, bega linalalamika. Likikubali, moshi unaingia hadi ndani na wateja wanaziba pua kwa khanga. Mimi siizibi. Harufu hiyo ya petroli iliyochanganyika na vumbi ndiyo harufu ya mnyama mmoja niliyemwogopa nikiwa mtoto, na kila nikiinusa namkumbuka yeye, halafu namkumbuka baba.

Mliokulia vijiji vya pamba miaka ile kila kitu kilipokuwa ruksa mtanielewa upesi. Mnakumbuka mitumba ilivyoingia, na redio kaseti, na wanunuzi binafsi waliokuja na mizani zao na malori yao hadi mlangoni. Ghala la ushirika kijijini kwetu likabaki tupu, mbegu za pamba zimejaa kwenye nyufa za sakafu, panya wamekonda. Pamba sasa ilipakiwa barabarani. Baba yangu, Jilala, akishamaliza kuvuna yake alikwenda kubeba magunia ya watu kuyapandisha kwenye hayo malori, na jioni alirudi na nyuzi za pamba kwenye nywele, anafanana na mzee. Hakuwa mzee. Nimekwisha kumpita umri aliokuwa nao siku hizo.

Hicho kilikuwa kibarua tu. Ukimuuliza mtu yeyote kijijini Jilala ni nani, angekuambia ni mcheza nyoka. Kwetu Usukumani wapo, wana chama chao na dawa zao, na msimu wa ngoma ukifika, baada ya mavuno, wanacheza na chatu shingoni mbele ya umati. Chatu wetu aliitwa Shangazi. Baba alimpa jina hilo kwa sababu, alivyosema, akiwepo nyumbani kila mtu anakaa vizuri, yeye ndiye anakula kwanza, na hakuna anayethubutu kumuuliza ataondoka lini. Mama hakupenda nyoka ndani ya nyumba, lakini alikuwa na maneno yake. "Angalau shangazi huyu hasemi mboga haina chumvi," alisema.

Shangazi alikaa kwenye sanduku la mbao chini ya dirisha, na mimi nilijifunza kutembea kwa kushikilia sanduku hilo. Alikuwa mzito kama mtoto mkubwa, au kama watoto wawili. Baba alipombeba mabegani kulikuwa na namna fulani ya kuinama, kusita, halafu kunyanyuka mara moja, na umati ulikuwa ukingojea hapo. Akisimama wima na Shangazi, wanawake walipiga vigelegele hadi ng'ombe wakageuza vichwa.

Lazima niseme jinsi ngoma zetu zinavyoshindanishwa, maana yote yalitokea hapo. Makundi mawili yanacheza wakati mmoja, karibu karibu, hili hapa na lile pale. Hakuna jaji wala kombe. Watu ndio wanaoamua kwa miguu yao. Wakivutwa huku wanakimbilia huku, wakichoshwa wanahamia kule, na jua likishuka, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Kwetu aliyeshindwa alimwachia mwenzake uwanja msimu mzima. Baba alikuwa ameushika uwanja wa kijiji, ule ulio mbele ya ghala, tangu kabla sijazaliwa.

Ndipo akaja Seni. Alikuwa kijana wa Lamadi, mtoto wa watu wa samaki, mcheshi, kavaa shati lenye minazi. Alikodi ghala. Nilikuwa nimekaa kwenye kisiki na watoto wenzangu pikapu yake ilipofika, na wanaume wakashusha kwanza sanduku, kisha kitu kizito kilichofunikwa turubai. Seni aliwazunguka akisema, "Taratibu jamani, taratibu, huyo akidondoka tumekwisha." Kesho yake mlangoni pa ghala kukabandikwa picha aliyoichora mwenyewe kwa rangi: mjusi mkubwa kuliko nyumba, mdomo mwekundu wazi, watu wanakimbia chini ya miguu yake.

Nilijua mambo ya kufuga mnyama kwenye sanduku, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa. Seni amemleta mnyama wake. Kile kitu cha turubai walikiweka nyuma ya ghala, na mchana nikachungulia nikamwona Seni akikiinamia na dumu, anakimiminia petroli. Akavuta kamba. Turubai likatetemeka na sauti ikatoka humo ndani, ngurumo ambayo haikupumua. Nilikimbia hadi nyumbani bila viatu. Nikamwambia mama kwamba Seni anafuga mjusi anayekunywa petroli. Mama alikuwa anapepeta mchele. Akasema, "Basi usimsogelee," akaendelea kupepeta. Kwa mtoto hilo ni jibu la ndiyo.

Nilianza kuwa na mawazo ambayo sikumwambia mtu. Shangazi alikunywa maji kwenye karai na kula kuku, tena si kila wiki. Mnyama anayekunywa petroli angemfanya nini Shangazi? Na baba angemfanya nini? Nilijilaza juu ya sanduku nikamnong'oneza Shangazi ale zaidi, akue. Hakujibu. Hakuwahi kujibu mtu.

Watu walianza kuingia ghalani mchana, wakitoka mnadani, wakitoka kwenye mizani na pesa mbichi mfukoni. Madirisha yalizibwa kwa magunia ili giza liwepo, mlango unafungwa, mnyama wa turubai ananguruma, na muda si mrefu wanaanza kupiga kelele humo ndani. Zilikuwa kelele zile zile walizompigia baba. Hilo lilimuumiza, nilimwona. Jumamosi ya kwanza alicheza mbele ya watu kiasi. Jumamosi iliyofuata alicheza mbele ya watoto na mbuzi.

Jumapili akatoka kwenda kumwona Seni, nami nikamfuata nyuma nyuma. Seni alikuwa anakunywa chai kwenye ngazi za ghala.

"Mwadela, kijana," baba alimsalimia kwa Kisukuma.

"Shikamoo mzee. Karibu chai."

"Umeweka ngoma yako pembeni ya ngoma yangu."

Seni alicheka, si kwa dharau. "Mzee wangu, mimi sina ngoma. Naonyesha video tu."

"Inavuta watu?"

"Inavuta, sitaki kusema uongo."

"Basi ni ngoma," baba alisema. "Na ngoma ikija pembeni ya nyingine, zinashindana."

Nimewahi kumsimulia hayo mtu wa Dar akacheka sana, kwamba mzee alidhani video ni kundi la ngoma. Sikumcheka mwenzangu huyo, sikumweleza pia, nilikuwa nimechoka siku hiyo. Kwa sheria ya kwetu baba alikuwa sawa kabisa. Kinachowahamisha watu kutoka uwanjani kwako ni mshindani wako, kiwe na miguu, kiwe na waya. Seni naye alikuwa mtoto wa biashara, akaona hapo kuna siku ya kujaza ghala. Wakashikana mikono: Jumamosi inayofuata, wakati mmoja, na atakayeshindwa aondoke uwanjani. Seni alitabasamu wakati wote. Baba hakutabasamu.

Katikati ya wiki Shangazi aligoma kula. Baba alifungua sanduku, akaniita nione. Macho yake yalikuwa yamefunga ukungu, meupe yenye ubuluu, kama mtu kayatia maziwa. "Anajivua," baba alisema. "Ngozi ya zamani imefunika mpaka macho. Siku hizi haoni kitu, na ukimshika anaumia. Nyoka wa hivi humchezeshi."

Mama alikuwa mlangoni. "Ahirisha."

"Nimeshika mkono wa mtu."

"Basi mchezeshe."

"Haoni," baba alisema, akafunga sanduku. Usiku na mchana wa siku zile sikusikia kingine nyumbani ila kwamba Shangazi haoni na Jumamosi inakuja. Bila Shangazi, baba angepoteza uwanja, na baba bila uwanja angekuwa mbeba magunia tu. Hata mimi nililijua hilo, na nilikuwa sijang'oka meno yote ya utoto.

Jumamosi ikaja na jua la kuchoma. Baba alivaa njuga miguuni, akatoka na chokaa usoni, na sanduku la Shangazi likaletwa kwa mkokoteni, likawekwa kivulini. Mpiga ngoma wake mkubwa alikuwa Maduhu, rafiki yake tangu kuchunga ng'ombe. Walianza vizuri. Baba alikuwa na mdomo, na siku ile aliufungulia. Aliimba kwamba mtoto wa Lamadi amekosa samaki, sasa anatuuzia dagaa kwenye kioo, na dagaa wenyewe hawanuki. Watu walicheka hadi wakashikana. Nilihesabu tumeshinda.

Ndipo yule wa turubai akanguruma. Mlango wa ghala ukafungwa, na humo ndani waliotangulia wakapiga ukelele mmoja mkubwa. Vijana wakachomoka. Wakafuata wanawake wenye watoto mgongoni, wakijifanya wanatafuta kivuli. Ukelele wa pili ukawachukua wazee. Uwanja ulipungua mbele ya macho yangu, na vumbi lilianza kutulia pale palipokuwa na miguu.

"Jilala," Maduhu alisema huku akipiga, "mtoe."

Baba aliendelea kucheza.

"Mtoe, Jilala. Wanakwenda."

Alikwenda kwenye sanduku. Alipiga magoti, akafungua kifuniko, akaingiza mikono yote miwili. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili, nikauona uso wa Shangazi umelala, macho meupe. Baba alikaa hivyo muda mrefu, ameinama, mikono imo ndani, jasho linachora mistari kwenye chokaa. Nilidhani anaongea naye, anamwomba ruhusa. Halafu akatoa mikono mitupu na kufunga kifuniko polepole.

"Pumzisheni ngoma," aliwaambia wenzake. Akaanza kutembea kuelekea ghalani.

Nilimkimbilia nikamshika mkono. Niliamini anakwenda kuliwa. Nilitaka kumwambia kuhusu petroli, lakini nikaenda naye tu. Njuga zake zililia hatua kwa hatua hadi mlangoni. Tulipoingia watu wote waligeuka, na mtu mmoja akasema, "Jilala kaja kumwona mwenzake," wakacheka, wakatupisha mbele.

Nilimtafuta mnyama kwenye pembe za ghala, gizani. Sikumwona. Nilipofuata macho ya watu nikaona sanduku la kioo juu ya meza, dogo kuliko sanduku la Shangazi, na ndani yake, bila rangi, mjusi anatembea katikati ya nyumba. Kitu hiki ndicho kinachokunywa dumu zima? Pembeni amesimama Seni na fimbo, anatutafsiria lugha ambayo nadhani naye hakuijua. "Sasa anaingia mjini," alisema. "Ana njaa. Hapo anamtafuta aliyeiba yai lake." Mjusi alikanyaga daraja, likavunjika kama la mabua ya mtama. Akasimama, akatazama. Kitu kikamsukuma, akasogea tena. Watu wakapiga kelele, na mimi nikapiga.

Baba alichuchumaa mbele ya kioo. Alitazama, mjusi akabomoa mnara, akabomoa reli, akapigwa moto, akalala. Aliporudishwa tena kusimama, baba akanyoosha kidole.

"Huyo mnyama amechoka," alisema kwa sauti ya uwanjani, kila mtu akasikia. "Tazameni macho yake. Yana ukungu. Anajivua huyo, haoni, nao wanamchezesha."

"Mzee, hiyo ni filamu," kijana mmoja alisema.

"Nimeona ni filamu. Mnyama ni mnyama." Akamgeukia Seni. "Kijana, uwanja ni wako. Mimi wangu simchezeshi hivyo."

Seni aliishusha fimbo yake. Tabasamu lilikuwa limemtoka. Baba akainama, akafungua njuga mguu mmoja, kisha mwingine, akazishika mkononi zisilie, ili asiwasumbue wanaotazama. Tukatoka kimya kimya. Nje Maduhu aliuliza imekuwaje, baba akamwambia imekwisha. Kabla ya mvua za kwanza Maduhu alikuwa anasimama mlangoni pa Seni, akikusanya viingilio.

Shangazi alipomaliza kujivua, sanduku lilipakiwa kwenye mkokoteni, baba akampeleka mtoni, kwenye matete, akamwacha. Ngozi aliyoivua aliirudisha nyumbani, tukaitundika hadi ikaoza. Baba hakucheza tena. Alilima, alibeba magunia alipoweza, baadaye hakuweza, akakaa barazani. Sikuwahi kumsikia akimsema Seni vibaya.

Mimi nilikua na fahari kubwa. Wenzangu walikuwa na baba wenye baiskeli na mabati, mimi nilikuwa na baba aliyeutoa uwanja wake kwa kuwahurumia wanyama wawili, mmoja wa kwake na mwingine asiyemjua. Niliisimulia bwenini. Nilimsimulia mwanamume aliyenioa. Siku tuliyomzika baba nilisimama nikaisimulia, na watu waliokuwemo ghalani siku ile, wameshazeeka, wakatikisa vichwa kwamba ndiyo, ni kweli, tulikuwepo.

Mwezi uliopita mwanangu wa mwisho alinijia na simu. Alikuwa amechoka kusikia habari za mjusi, akamtafuta huko wanakotafuta, akampata. "Mama, si huyu?" Alikuwa ndiye. Daraja lile lile, mnara ule ule, na sasa niliona ni vikorokoro, nyumba za karatasi, na mjusi wa kawaida ambaye ungeweza kumpata kwenye mawe yoyote. Nilicheka. Kisha kamera ikamsogelea uso, nikamwambia mtoto asimamishe hapo.

Macho yalikuwa safi. Yalikuwa meusi, yanang'aa kama mbegu za papai. Nilimwambia arudishe nyuma, apeleke mbele, atafute pengine. Kote yalikuwa safi. Mjusi hakuwa anajivua. Alikuwa mzima, pengine ameshiba, na alionekana hana wasiwasi na mtu. Baba alikuwa amechuchumaa karibu kabisa na kioo, na yeye macho ya nyoka aliyajua kuliko ya wanawe.

Mama anaishi nami sasa. Nilimpelekea simu, lakini hakutaka kuitazama, haoni vizuri. Nikamweleza tu.

"Kumbe hukujua," alisema. "Mimi nilidhani umekua ukajua."

"Nijue nini?"

"Msimu ule mkono wake haukupita hapa." Aligusa kifua chake. "Mabega yalikuwa yamekwisha, yale magunia. Mimi ndiye niliyemvalisha shati asubuhi. Chokaa ya siku ile nilimpaka mimi."

Nikakumbuka mikono ndani ya sanduku, na jasho, na ule muda mrefu nilioudhani ni mazungumzo. Hakuwa anaomba ruhusa. Alikuwa anajaribu kunyanyua.

"Lakini Shangazi alikuwa haoni kweli," nilisema. "Niliona mwenyewe."

"Shangazi alikuwa anajivua kweli. Mungu alimsaidia hapo. Lakini kumbuka, alitia mikono. Angeweza, angemtoa hivyo hivyo, uwanja ule aliupenda mno. Sasa mcheza ngoma atasimama mbele ya watu wote aseme amechoka? Hawezi, ng'wana wane, mwanangu. Alimsemea mjusi."

Nilitoka nikakaa uani. Sikuwa na hasira, na fahari yangu haikuvunjika, ilihama mahali tu. Ila nilimwonea baba huruma, huruma ambayo ilitakiwa impate akiwa hai, na nililia kwa kuchelewa nayo. Niliwasikitikia wanyama wawili miaka yote hii na mtu aliyekuwa amechoka alikuwa amenishika mkono.

Leo umeme umekatika tena. Ndani nina mteja, mwalimu mmoja, kichwa chake kimejaa rola. Nimevuta kamba, jenereta limekohoa, likanyamaza. Nimevuta tena, na bega likakataa kabla ya jenereta kukataa. Nikakaa kwenye kigoda pale pale, kwenye harufu ya petroli, nikaliangalia.

"Vipi dada Minza," mwalimu aliniuliza akiwa mlangoni, "halijawaka?"

"Amechoka," nilimwambia. "Mwache apumzike kidogo."

Aliliangalia jenereta. Kisha akaniangalia mimi ninavyosugua bega, akavuta kiti akakileta nje, akajifunga taulo kichwani juu ya rola zake.

"Basi na tumngoje," alisema.